Kutoka Regina hadi Kranichstein: Historia ya Upangaji na Usanifu wa Nyumba Pasifu ya Kwanza, 1973–1991

Utangulizi

Mnamo Oktoba 1991 familia nne zilihamia katika nyumba mpya za safu moja, zinazoshirikiana kuta za ubavuni, katika kitongoji cha Kranichstein kilichoko kaskazini-mashariki mwa mji wa Darmstadt, nchini Ujerumani. Kwa macho ya mpita njia hapakuwa na ajabu kubwa: kuta zilizopigwa lipu, madirisha mapana upande wa kusini na paa lililooteshwa nyasi. Hata hivyo, majira ya baridi yalikuwa yanakaribia, na katika nchi hiyo nyumba isiyopashwa joto wakati huo haikaliki. Familia hizo zilikuwa zimeweka fedha zao katika nyumba ambazo, kwa mujibu wa mahesabu ya wabunifu, zingehitaji takribani sehemu moja tu ya kumi ya joto lililotumiwa na nyumba za kawaida. Iwapo mahesabu hayo yangekuwa na kasoro, hasara na baridi vingewaangukia wakazi wenyewe.

Nyumba za Kranichstein hutajwa mara nyingi kuwa nyumba pasifu za kwanza duniani. Kwa maana ya jumla, nyumba pasifu ni nyumba inayobaki na ujoto wa kutosha kwa kuhifadhi joto lililomo ndani yake, yaani joto la jua linalopita madirishani, la miili ya watu na la vyombo vya nyumbani, badala ya kutegemea mtambo mkubwa wa kupashia joto. Dai la ukwanza huo lina utata, kwa sababu nyumba zenye kutumia nishati kidogo mno zilikwisha kujengwa Denmark na Kanada zaidi ya miaka 10 kabla yake. Insha hii inachunguza historia hiyo kwa kuongozwa na swali moja: ni kitu gani kilikuwa cha kwanza huko Kranichstein? Hoja inayojengwa ni kwamba upya wa nyumba hiyo haukuwa katika kifaa chochote kimoja. Upya wake ulikuwa katika mpangilio wa maamuzi: upotevu wa joto ulizuiwa kwanza, mitambo ikafikiriwa baadaye, na matokeo yakapimwa watu wakiwa wanaishi humo.

Msukosuko wa mafuta na nyumba za majaribio

Kabla ya mwaka 1973 wajenzi wengi wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini hawakuwa na sababu kubwa ya kujiuliza joto la nyumba linapotelea wapi. Mafuta yalikuwa ya bei nafuu. Nyumba iliyovuja joto ilifidiwa kwa kuwekewa tanuri kubwa zaidi, na ukuta mwembamba haukuhesabiwa kuwa kosa la usanifu. Hali hiyo ilibadilika ghafla. Oktoba 1973, kufuatia vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliweka vikwazo dhidi ya baadhi ya nchi za Magharibi. Bei ya pipa moja, ambayo ilikuwa takribani dola 3, ilikaribia dola 12 ilipofika Januari 1974. Gharama ya kupasha nyumba joto, iliyokuwa jambo la mwenye nyumba peke yake, ikawa suala la siasa za nchi.

Jibu la kwanza la wanasayansi wengi lilikuwa kutafuta chanzo kingine cha joto, na chanzo kilichovutia zaidi kilikuwa jua. Mfano ulio wazi ni nyumba iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark huko Lyngby, ambayo utafiti wake uliongozwa na Vagn Korsgaard na kukamilika mnamo mwaka 1975. Nyumba hiyo ilipewa jina la nyumba ya nishati sifuri. Kuta na paa lake vilikuwa na tabaka nene la sufi ya madini, yaani nyuzi laini zinazotengenezwa kwa kuyeyusha mawe au kioo, ambazo hushika hewa na hivyo kuzuia joto lisipite. Sambamba na hayo, ilikuwa na vikusanya joto la jua vyenye eneo la mita za mraba 42 na tangi la maji la mita za ujazo 30, lililokusudiwa kuweka akiba ya joto la kiangazi kwa ajili ya majira ya baridi.

Ukubwa wa tangi hilo unafunua fikra za zama zile. Maji ya mita za ujazo 30 yana uzito wa tani 30, na yote hayo yalihitajika kuihudumia nyumba moja. Tatizo lilifahamika kuwa uhaba wa joto, na suluhisho likatafutwa katika ukusanyaji na uhifadhi wake. Kihami joto, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoroke, kilikuwa tayari kimepewa nafasi muhimu. Hata hivyo, bado kilikuwa msaidizi wa mtambo, na mtambo ndio uliobeba jina na sifa za nyumba.

Nyumba ya Regina na somo lake

Somo lililo kinyume na fikra hiyo lilitoka katika mkoa wa Saskatchewan, Kanada. Serikali ya mkoa huo ilitaka nyumba ya jua inayofaa kwa mazingira yake, na kazi hiyo ikakabidhiwa kundi la wataalamu ambao miongoni mwao alikuwamo mhandisi Harold Orr. Katika mji wa Regina halijoto ya nje wakati wa baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri za Selsiasi, na mchana wa majira hayo ni mfupi. Wataalamu walipofanya mahesabu waligundua kwamba kulitegemea jua wakati linapopatikana kwa uchache ni njia ya gharama kubwa. Ilikuwa nafuu zaidi kupunguza haja yenyewe ya joto.

Nyumba ya Uhifadhi ya Saskatchewan, kama ilivyoitwa, ilijengwa mwaka 1977. Kuta zake zilikuwa na unene wa sentimita 30 hivi, ilhali nyumba nyingi za eneo hilo zilikuwa na kuta za mbao zenye kina cha takribani sentimita 10. Paa lake lilikuwa na kihami kinene zaidi. Karatasi ya plastiki ilizungushwa ndani ya kuta kwa uangalifu ili hewa isipenye katika maungio. Kwa kuwa nyumba isiyopitisha hewa huwaletea wakazi unyevu na hewa chafu, kiliwekwa kibadilisha joto: chombo ambamo hewa chafu inayotoka huiachia joto lake hewa safi inayoingia, bila ya hewa hizo mbili kuchanganyika. Nyumba haikuwa na tanuri la kawaida.

Pamoja na hayo, agizo la awali lilikuwa kujenga nyumba ya jua. Hivyo basi, vikusanya joto la jua navyo viliwekwa. Vilikuwa vya bei kubwa na vilihitaji uangalizi wa mara kwa mara, na nyumba ilipouzwa kwa mtu binafsi hatimaye viliondolewa. Kuta nene, karatasi ya plastiki na paa viliendelea kufanya kazi bila ya kuhitaji fundi. Tukio hilo ndilo somo kuu la Regina: ndani ya nyumba moja njia mbili za kufikiri zilijaribiwa bega kwa bega, na njia iliyodumu ni ile ambayo haikuwa na sehemu zinazozunguka wala kuchakaa upesi.

Wako waliolielewa somo hilo mapema. Huko Pepperell, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, Eugene Leger alijenga mwaka 1979 nyumba yenye kuta mbilimbili ambayo kwa nje ilifanana na nyumba za jirani. Mwanafizikia William Shurcliff naye aliandika kuzisifu nyumba za aina hiyo na kueleza kwa nini zinazishinda nyumba zinazotegemea mitambo ya jua. Nchini Kanada somo la Regina lilichangia mpango wa viwango vya nyumba uliojulikana kama R-2000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo, bei ya mafuta iliporomoka mwaka 1986, na hamu ya umma ikapoa pamoja nayo. Ujuzi ulikuwapo, lakini haukuwa umegeuzwa kuwa kigezo ambacho mbunifu wa nchi nyingine angeweza kukichukua na kukitumia katika hali ya hewa ya kwao.

Lund, 1988: swali linageuzwa

Mkondo wa Ulaya uliendelea kupitia Sweden, nchi ambayo kanuni zake za ujenzi zilikuwa zimekazwa kwa kiasi kikubwa baada ya mwaka 1973. Katika Chuo Kikuu cha Lund, Profesa Bo Adamson alikuwa bingwa wa fizikia ya majengo. Katika miaka ya 1980 alishughulikia pia nyumba za China, hasa za maeneo ya kusini ambako majira ya baridi yalikuwapo lakini nyumba hazikuwa zikipashwa joto. Huko haikuwezekana kuuliza mtambo gani ufungwe, kwa sababu mtambo haukuwamo katika mpango. Swali pekee lililobaki lilikuwa jengo lenyewe linaweza kufanya nini ili wakazi wake wasiteseke.

Mwezi Mei 1988 Adamson alijadiliana huko Lund na Wolfgang Feist, mwanafizikia kijana wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Makazi na Mazingira ya Darmstadt. Katika mjadala huo wazo la nyumba pasifu lilipata umbo lake: swali la China liulizwe Ulaya ya Kati. Je, katika hali ya hewa ya Ujerumani, jengo linaweza kuboreshwa hadi mahali ambapo mtambo wa kupashia joto unakaribia kukosa kazi?

Mabadiliko hayo ya swali yanafafanuliwa vyema kwa mfano wa vyombo vya nyumbani. Anayetaka chai iendelee kuwa moto ana njia mbili. Anaweza kuiacha birika juu ya jiko na kuendelea kuchochea moto, au anaweza kuimimina katika chupa ya chai na kuifunga. Nyumba za zamani zilijengwa kwa kanuni ya birika. Nyumba ya Lyngby ilibadili kuni za jiko, lakini birika likabaki lilelile. Adamson na Feist walitaka nyumba iwe chupa, na walikusudia kuyathibitisha mahesabu yake kabla ya kulaza tofali la kwanza.

Kupanga: familia nne na eneo moja

Wazo lilihitaji mahali na watu. Huko Kranichstein palikuwa na eneo lililotengwa kwa ajili ya ujenzi wa majaribio, na familia nne, mojawapo ikiwa ni ya Feist mwenyewe, zilikubali kuwa wamiliki wa safu hiyo. Ramani zilichorwa na wasanifu majengo Bott, Ridder na Westermeyer. Kila nyumba ilipangiwa eneo la kuishi la mita za mraba 156. Serikali ya Jimbo la Hesse iligharimia nusu ya gharama za ziada za ujenzi zilizosababishwa na majaribio, na miradi kadhaa ya utafiti iliendeshwa kwa ajili ya madirisha, upitishaji hewa, maji ya moto na masuala mengine.

Mpango huo ulitofautiana na ule wa Regina kwa mambo mawili ya msingi. Kwanza, nyumba haikuwa ya maonyesho. Ilikuwa makazi halisi, na mbunifu mkuu wa wazo angelala humo. Pili, utafiti ulitangulia ujenzi. Mwenendo wa joto wa jengo uliigizwa kwa kompyuta, saa baada ya saa, kwa mwaka mzima, na kila njia ya kupotea kwa joto ikapewa tarakimu yake. Kwa namna hiyo ilifahamika mapema ni wapi sentimita moja zaidi ya kihami ingeleta faida na ni wapi ingekuwa kupoteza fedha. Ujenzi ulianza Oktoba 1990 na kumalizika katika muda wa mwaka mmoja.

Uamuzi wa kujenga safu badala ya nyumba zilizotengana nao ulikuwa sehemu ya usanifu wa nishati. Ukuta unaotenganisha majirani wawili walio katika ujoto uleule haupotezi joto. Hivyo nyumba mbili za katikati zilikuwa na pande mbili tu za kuta zilizokabili baridi. Aidha, umbo la jengo halikuwa na vijichumba vilivyochomoza nje, na madirisha makubwa yalielekezwa kusini, upande ambako jua la Ulaya hupita wakati wa baridi.

Usanifu: kuifunga kila njia ya joto

Njia ya kwanza ya joto kutoroka ni kupenya katika kuta, paa na sakafu. Ukuta wa Kranichstein ulijengwa kwa matofali ya chokaa na mchanga yenye unene wa milimita 175. Nje ya matofali hayo liliwekwa tabaka la povu gumu la plastiki lenye unene wa milimita 275, na juu yake lipu. Chini ya nyasi za paa paliwekwa milimita 445 za sufi ya madini, na dari ya chumba cha chini ya ardhi ikapewa milimita 250 za povu. Matokeo yake ni kwamba mita moja ya mraba ya ukuta ilipitisha takribani wati 0.14 tu kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kwa kipimo hicho, usiku ambao ndani kuna nyuzi 20 na nje nyuzi 10 chini ya sifuri, ukuta wenye eneo la mita za mraba 100 hupoteza wati 420. Joto hilo linakaribia kulingana na lile litolewalo na miili ya watu watano waliotulia.

Njia ya pili ni madirisha. Vioo viwili vya kawaida vya wakati huo vilipoteza joto kiasi kwamba ilikuwa desturi kuweka kipashio chini ya kila dirisha ili kuukinga mwili na ubaridi wa kioo. Kranichstein ilitumia vioo vitatu vilivyopakwa tabaka jembamba la kurudisha joto ndani, huku nafasi zilizo kati yake zikijazwa gesi ya kriptoni. Upotevu kupitia kioo ulishuka hadi karibu robo ya ule wa vioo viwili vya kawaida. Lakini kioo bora kiliidhihirisha fremu kuwa sehemu dhaifu, na fremu zilizohitajika hazikupatikana sokoni. Ilibidi fremu za mbao ziongezewe povu la kuhami kwa kazi ya mikono. Tukio hili linaonyesha ugumu wa kuwa wa kwanza: mbunifu hakuwa na orodha ya bidhaa ya kuchagulia, kwa kuwa viwanda havikuwa bado vimeona haja ya kuzitengeneza.

Njia ya tatu, ambayo wajenzi wengi hawakuithamini, ni nyufa. Hewa ya joto hutoka katika maungio ya paa, kando ya fremu na mahali mabomba yanapopita, na hewa baridi huingia kushika nafasi yake. Huko Kranichstein kila ungio lilichorwa na kuamuliwa mapema. Lipu ya ndani ilipigwa bila ya kuacha pengo, na karatasi maalumu ikatumika kwenye paa. Kisha nyumba zilijaribiwa kwa feni inayofungwa mlangoni ili kuleta tofauti ya mgandamizo ya paskali 50. Hewa iliyovuja kwa saa moja ilikuwa takribani sehemu 0.3 ya hewa yote ya nyumba, kiwango kilichokuwa cha chini mno kwa nyumba za zama hizo. Uangalifu huohuo ulielekezwa kwenye madaraja ya joto, yaani mahali ambapo kitu kipitishacho joto, kama vile zege, hukata tabaka la kihami na kuwa kivuko cha kuelekea nje.

Njia ya nne ni hewa yenyewe ya kupumua. Nyumba iliyozibwa hivyo ilihitaji upitishaji hewa wa uhakika. Hewa chafu ilivutwa kutoka jikoni na bafuni, na hewa safi ikapelekwa sebuleni na vyumba vya kulala, zote zikipitia kibadilisha joto kilichorudisha takribani asilimia 80 ya joto. Kwa lugha nyepesi, ikiwa ndani ni nyuzi 20 na nje ni sifuri, hewa safi ilifika ikiwa na nyuzi 16 kabla ya kupashwa kwa nishati yoyote. Feni za chombo hicho zilipaswa kutumia umeme kidogo, kwani kuokoa joto kwa gharama ya umeme mwingi kungeiharibu maana ya zoezi zima.

Baada ya njia zote nne kufungwa ndipo mitambo ilipopewa nafasi. Kila nyumba ilipata vikusanya joto la jua vyenye eneo la mita za mraba 5.3 tu, na hivyo vilikuwa kwa ajili ya maji ya kuogea na kuoshea, kazi ambayo jua la kiangazi huimudu vizuri. Joto dogo lililokosekana lilitolewa na chombo cha gesi. Ulinganisho na Lyngby unajieleza: kutoka mita za mraba 42 za vikusanya joto hadi 5.3, na kutoka tangi la tani 30 hadi kutohitaji akiba ya msimu kabisa.

Vipimo na ushahidi

Vihisi vya halijoto viliwekwa katika vyumba na ndani ya sehemu za jengo tangu wakati wa ujenzi, na matumizi ya nishati yakaandikwa kwa miaka mfululizo. Katika majira ya kwanza ya baridi, ya mwaka 1991/92, joto lililotumika lilikuwa karibu kilowati-saa 20 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Katika majira yaliyofuata lilishuka hadi takribani kilowati-saa 12, na baadaye likatulia karibu na 10. Inafahamika kwamba nyumba mpya ya matofali na lipu huwa na unyevu mwingi ambao hula joto unapokauka. Kwa sababu hiyo mwaka wa kwanza haukuweza kuwa kipimo cha haki.

Kilowati-saa 10 ni sawa na nishati iliyomo katika lita moja ya mafuta ya kupashia joto. Kwa maneno mengine, nyumba nzima ya mita za mraba 156 ilihitaji takribani lita 156 kwa mwaka, wakati nyumba nyingi za Ujerumani za kipindi hicho zilihitaji mara kumi ya kiasi hicho au zaidi. Muhimu kuliko tarakimu ni ulinganifu wake na mahesabu yaliyotangulia. Nyumba nyingi za majaribio za miaka ya 1970 zilitangazwa kwa ahadi. Nyumba ya Kranichstein ilitangazwa kwa kumbukumbu za vipimo.

Ushahidi huo ulikuwa na mpaka wake. Familia nne zilizojichagua zenyewe, mojawapo ikiwa ya mwanasayansi mhusika, haziwezi kuwakilisha umma. Shaka hiyo ilijibiwa kwa sehemu na mtaa wa Dotzheim mjini Wiesbaden, ambako mwaka 1997 zilijengwa nyumba pasifu 22 kwa ubunifu wa Folkmer Rasch na kuuzwa kwa wanunuzi wa kawaida. Matumizi ya kaya moja yalitofautiana na ya nyingine, lakini wastani wao ulibaki chini. Iliwezekana sasa kudai kwamba jengo ndilo lililookoa nishati, si nidhamu ya pekee ya wakazi wake.

Kutoka nyumba ya kwanza hadi kigezo

Kwa upande wa uchumi, nyumba ya kwanza haikuwa ushindi. Ililipia vihami vinene na madirisha ya kazi ya mikono, na wakati huohuo ikalipia mfumo wa kupasha joto. Gharama zilijumlishwa badala ya kufidiana. Mwaka 1995 Amory Lovins, mtaalamu wa nishati wa Marekani ambaye tangu miaka ya 1980 alikuwa na nyumba isiyo na tanuri katika milima ya Colorado, alizuru Kranichstein. Maoni yake yalikuwa kwamba hilo halikuwa jaribio la kisayansi pekee bali ni suluhisho, na kwamba kilichobaki ni kuusanifu upya undani wake ili gharama ya ziada ipungue.

Ushauri huo uliendana na hesabu sahili. Mtu mmoja huhitaji takribani mita za ujazo 30 za hewa safi kwa saa. Ikiwa kila mtu ana mita za mraba 30 za nyumba, basi kila mita ya mraba hupata mita moja ya ujazo ya hewa kwa saa. Hewa hiyo haifai kupashwa kupita nyuzi 50 hivi, kwani vumbi huanza kuungua na kunuka. Kwa tofauti ya nyuzi 30, hewa hiyo huweza kubeba wati 10 za joto kwa kila mita ya mraba. Nyumba isiyohitaji zaidi ya kiwango hicho katika siku ya baridi kali inaweza kupata joto lake lote kupitia hewa safi ambayo, kwa vyovyote vile, ni lazima iingizwe. Kwa nyumba yenye ukubwa wa ile ya Kranichstein, kiwango hicho ni wati 1,560, ambazo ni pungufu ya birika moja la umeme. Kwa kufikia mpaka huo, mfumo mzima wa vipashio huweza kuachwa, na fedha zake zikalipia vihami.

Hapo ndipo mfano mmoja ulipogeuka kuwa kigezo. Taasisi ya Nyumba Pasifu iliasisiwa Darmstadt mwaka 1996. Kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka kikawa kikomo kinachojulikana cha joto, na uvujaji wa hewa usizidi sehemu 0.6 kwa saa katika paskali 50. Kati ya mwaka 1998 na 2001 mradi wa CEPHEUS, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ulijenga na kuchunguza makazi 221 katika nchi tano. Mwaka 2015 taasisi hiyo ilimtunuku Harold Orr kwa kazi ya Regina, na hivyo ikakiri hadharani deni la Kranichstein kwa waliotangulia.

Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba neno "kwanza" halina budi kutumiwa kwa tahadhari. Kihami kinene kilikuwapo Lyngby. Nyumba iliyozibwa dhidi ya uvujaji wa hewa na yenye kibadilisha joto ilikuwapo Regina, tena katika baridi kali kuliko ya Darmstadt. Swali la nyumba isiyopashwa lilitoka China kupitia Lund. Kilichokuwa cha kwanza Kranichstein ni kuunganishwa kwa mambo hayo katika mpango mmoja uliokokotolewa kabla ya ujenzi, ukakaliwa na watu, ukapimwa kwa miaka na kuwekwa wazi ili wengine waurudie au waukosoe.

Aidha, imebainika kwamba nyumba ya kwanza haikuhitaji kuwa kamilifu ili iwe na manufaa. Ilikuwa ya gharama kubwa na ilibeba mfumo wa joto ambao nyumba zilizofuata ziliurahisisha. Lakini kwa kuwa kila kitu kilipimwa, ilifahamika ni kipi kiachwe na ni kipi kibaki. Regina ilijifunza jambo hilohilo kwa kuondoa vikusanya joto baada ya kuvigharimia, na somo hilo likachelewa kuvuka mipaka. Uchunguzi uliofanywa Kranichstein baada ya miaka 25 ulikuta vihami na uzibaji wa hewa bado vikitimiza kazi yake. Familia zilizohamia Oktoba 1991 zilikuwa zimeweka fedha zao katika sehemu za nyumba ambazo hazionekani, na sehemu hizo ndizo zilizodumu.